U mzima?

Hotuba niliyoitoa Bombo, Uganda, mbele ya vijana waliomaliza mafunzo ya ushonaji, kama nilivyoiandika baadaye kwa ombi la wazazi wao.

Wazee wangu, akina mama, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mnaopokea vyeti leo: hamjambo? Assalaam alaikum kwa wanaosalimiwa hivyo, na muli mutya kwa jirani zetu.

Nimeombwa niseme juu ya maadili na kujithamini. Aliyenipigia simu aliongeza neno: "Mwalimu, vijana wetu hawajiamini, watie moyo." Nimelibeba ombi hilo wiki mbili. Kuwatia moyo si kazi ngumu. Ningewaambia kwamba ninyi ni hodari, mngepiga makofi, tungekula pilau na kutawanyika. Lakini kuna jambo linanikaa rohoni muda mrefu, na nimeona ni heri niwape hilo, ingawa kwangu lina uchungu.

Nianze na salamu. Hapa Bombo tunaulizana kutwa: u mzima? Tunajibu: mzima. Tunapita. Hatusimami kulitazama neno lenyewe. Mzima ni asiyeumwa. Mzima ni aliye hai. Mtu akitolewa kwenye ajali tunauliza kwanza, ni mzima? Mkate ambao kisu hakijaugusa ni mkate mzima. Na yule aliyekomaa, ambaye ukimwachia dhamana unalala usingizi, tunamwita mtu mzima. Afya, uhai, kutokuwa na pengo, kubeba dhamana: yote hayo yanakaa katika neno moja tunalolitupa njiani kila asubuhi.

Waganda wanalo neno lao. Mulamu ni mzima, aliye hai. Na wakitaka kumsifu mtu kwa adabu yake, kwa huruma na uungwana, wanasema huyo ni omuntumulamu, yaani mtu aliye mzima. Sifa yenyewe wanaiita obuntubulamu. Sisi tumeishia kwenye utu. Wao wameufunga utu na uzima katika fundo moja. Maana yake, mtu anayemtendea mwenzake ubaya ana mahali ndani yake pamekufa, hata kama anatembea na kunenepa. Vyuoni maadili yanafundishwa chumba kimoja na afya ya akili chumba kingine, na kati yao kuna ukuta. Wazee waliotuachia maneno haya hawakuujenga ukuta huo. Mimi nimechukua zaidi ya miaka ishirini kuelewa kwa nini, na aliyenifundisha ni mtoto niliyemkosea.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari, si ya hapa. Nilifundisha historia. Siku hizo tulikuwa na desturi ya kurudisha karatasi za mtihani kwa kusoma alama kwa sauti, kuanzia juu kwenda chini. Ukitajwa unasimama, unakuja mbele kuchukua karatasi yako. Wa kwanza anapigiwa makofi. Wa katikati wanachukua kimyakimya. Wanaobaki mwisho wanajua wamebaki, na darasa linajua. Tuliamini kwamba aibu inafundisha.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, mwembamba, aliyekaa karibu na dirisha. Siku hiyo alibaki yeye. Nikasema, "Tisa kwa mia." Darasa likaanza kucheka chinichini, na mimi, kwa kuwa nilipenda kuonekana mwalimu mchangamfu, nikarudia kwa Kiganda: "Mwenda." Hapo kicheko kikaangusha paa. Msichana alikuja mbele, akapiga goti kama alivyofunzwa kwao, akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu."

Tangu siku hiyo jina lake shuleni likawa Mwenda. Muhula wa tatu hakurudi. Nilisikia kwamba ada imewashinda wazazi. Sikuuliza zaidi, na kutouliza kulinifaa.

Nimewasimulia hili mapema ili mjue ni nani anayesema nanyi. Sasa niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi.

William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba kujithamini ni hesabu ya kugawanya. Juu unaweka mafanikio yako, chini unaweka matarajio yako. Ukitarajia makubwa ukapata madogo, jibu linashuka. Unaweza kulipandisha kwa kufanikiwa zaidi au kwa kutarajia kidogo. Alijitolea mfano mwenyewe: akimkuta mtu anayemzidi katika saikolojia anaumia, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoishika, lakini kutojua kwake Kiyunani hakumnyimi usingizi, maana hakuwahi kudai kukijua. Ni hesabu yenye akili. Kila mmoja wenu ataiona katika maisha yake kabla jua halijazama.

Hapa Uganda tunaipiga hesabu hiyo kila mwaka mbele ya taifa zima. Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitangazwa, magazeti hujaa picha za watoto waliobebwa mabegani kwa sababu wamepata alama 4, ambayo katika mtihani wetu ndiyo kilele, kwa kuwa alama ndogo ndiyo bora. Hakuna mpiga picha anayemtafuta mtoto wa 28, ambaye siku hiyo amejipa kazi ya kuchota maji, safari tatu, safari nne, ili wageni wanaoingia kuuliza matokeo wasimkute sebuleni. Nimewaona watoto hao. Madumu yanajaa mpaka hakuna pa kuyaweka.

Na hapo ndipo ninapomuuliza James swali. Ile namba ya chini, ya matarajio, nani ameiandika? Yule msichana wa dirishani hakujiandikia popote kwamba thamani yake ipimwe kwa mikataba ya wakoloni na miaka yake. Aliyemwandikia ni mimi, darasa likishuhudia. Kisha nikamwachia yeye aibebe hesabu nyumbani.

Wengine wakajaribu njia nyingine: kama kujithamini ni dawa, basi tuwanyweshe watu wote. Jimbo la California liliunda kikosi kazi mwaka 1986 kulishughulikia jambo hilo, kwa matumaini kwamba raia wakijithamini zaidi, uhalifu, ulevi na kufeli shuleni vitapungua. Wazo likaenea, watoto wakasifiwa kwa makubwa na madogo. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake watatu wakachapisha mapitio ya tafiti nyingi zilizokuwa zimefanywa. Walikuta kwamba wanaojithamini sana kweli huwa na furaha zaidi, na huwa wepesi wa kuanzisha jambo. Lakini hawakuona ushahidi kwamba kujithamini ndiko kunakomfaulisha mwanafunzi. Kwa sehemu, kufaulu ndiko kunakotangulia na kujithamini kunafuata. Wala hakukuwazuia vijana kuvuta sigara au kunywa pombe. Sifa zilizomwagwa bila kazi nyuma yake hazikumjenga mtu.

Lugha yetu isingeshangaa. Sikilizeni maneno haya: kujiona, kujisikia, kujidai, kujikweza, kujitapa. Ukisema "fulani anajiona", umemlaumu, ingawa ukilichambua neno umesema tu kwamba anajitazama. Halafu sikilizeni haya mengine: kujiheshimu, kujistahi, kujizuia, kujitegemea. Yote yana ile -ji- moja, mtu anarudi kwake mwenyewe. Tofauti yake niliipata nikiwa nimeketi barazani siku moja nikiyatamka moja baada ya jingine. Yale ya kwanza yanataka watazamaji. Huwezi kujidai peke yako chumbani taa ikiwa imezimwa. Yale ya pili unaweza kuyafanya gizani, na pengine gizani ndiko yanakopimwa.

Vivyo hivyo haya na aibu. Watu huyachanganya. Aibu inaletwa na macho ya watu. Unatiwa aibu, unaaibishwa. Haya ni mlinzi anayekaa ndani ya mtu mwenyewe na kumshika mkono kabla hajatenda. Ndiyo maana kumwambia mtu "huna haya" ni neno zito kuliko kumwambia "umeaibika". Siku ile ya 1994 msichana alitiwa aibu. Asiyekuwa na haya nilikuwa mimi. Sisi sote, mimi na darasa langu, tulidhani ni kinyume.

Kuna jambo la Immanuel Kant ninalopenda mlibebe sokoni pamoja na mikasi yenu. Aliandika mwaka 1785 kwamba kila kitu ama kina bei ama kina hadhi. Chenye bei unaweza kukibadilisha kwa kingine kinacholingana nacho. Chenye hadhi hakina mbadala, na mtu yuko upande huo. Mtakapoanza kazi, mteja atakuja na kusema mshono huu ni wa elfu tano, sitoi zaidi. Mpunguzie au usimpunguzie, hiyo ni biashara. Ila jueni kwamba kilichotajiwa bei ni mshono.

Niruhusuni niseme kidogo juu ya lugha hii yenyewe ninayosema nanyi, maana nayo iliwahi kutiwa aibu. Baba yangu alikuwa askari wa cheo cha chini kutoka upande wa Arua, nami nilikulia kambini. Kiswahili ndicho nilichochezea mdako. Nilipopelekwa Kampala kusoma, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilijifunza kukificha. Watu wa mjini walikuwa wamekisikia kikitoka midomoni mwa wenye bunduki. "Panda gari!" Askari walizingira mtaa, wakawaamuru watu kupanda malori, na si kila aliyepanda alirudi. Panda ni neno zuri. Mkulima anapanda mahindi, mtoto anapanda mwembe. Lakini jaribuni kumtamkia "panda gari" mama wa Kampala aliyeziona siku zile, mtaona mabega yake yanavyojikunja.

Basi nikawa kimya kwenye teksi, kimya sokoni. Ukiificha lugha uliyonyonya nayo, taratibu unaanza kushuku kwamba ndani yako mna kitu kichafu. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilifurahi sana, nililia hata. Hata hivyo, sheria haiwezi kuingia mabegani mwa yule mama. Atakayeingia ni kijana atakayemsalimia kwa Kiswahili, akambebea mzigo wake, akamrudishia chenji yote, mara ya kwanza, mara ya kumi, mara ya hamsini. Ubaya ulifanywa na watu kwa kutumia maneno, na watu ndio watakaoyasafisha.

Sasa Rakai na Masaka, wilaya za kusini mwa nchi yetu. Ninyi wadogo mnalisikia jambo hili kama hadithi, sisi tulizika. UKIMWI, ugonjwa ulioonekana Kasensero, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1982, watu wakauita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, ulipita katika vijiji hivyo ukaacha wajane, mayatima, na mabibi wanaolea wajukuu. Miaka ishirini baadaye wakaja watafiti, Paul Bolton na wenzake, wakitaka kujua kama unyong'onyevu mkubwa wa moyo unaweza kutibiwa mahali ambapo hakuna madaktari wa akili. Walifanya jambo la hekima kabla ya yote: waliwauliza wanavijiji wenyewe, hali hii ninyi mnaiitaje? Wakapewa maneno mawili, okwekyawa na okwekubazida. La pili ni kujisikitikia. La kwanza, okwekyawa, ni kujichukia.

Lishikeni hilo. Mtu amefiwa na mume, na watoto, shamba limebaki pori. Akiulizwa anaumwa nini, jina la ugonjwa wake ni kujichukia. Kwa hesabu ya kawaida angesema ana huzuni, au ana njaa, au ana hasira na Mungu. Kumbe huzuni ikikaa muda mrefu bila wa kuipokea humgeukia mwenyewe.

Vijiji vilikuwa 30. Katika nusu yake waliunda vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakakutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mtu wa eneo hilohilo aliyepewa mafunzo, asiye daktari. Walizungumza juu ya waliokufa, juu ya ugomvi usiokwisha, juu ya maisha yaliyogeuka ghafla. Kisha wakatafuta pamoja la kufanya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na ugonjwa huo. Baada ya kumaliza walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi walipungua pia, kutoka 94 hadi 54.7, maana muda nao hutibu kidogo. Lakini tazameni tofauti hiyo.

Mimi si daktari, na mtu mwenye maumivu makali ya akili namwelekeza hospitali bila kusita. Ninalosema ni hili: waliokuwa wanajichukia hawakuponyeshwa kwa kuambiwa wasimame mbele ya kioo na kujisifu. Waliketi na wenzao, wakatengeneza vilivyovunjika kati yao na watu, yule shemeji aliyewanyang'anya mgomba, yule binti asiyeongea na mama yake. Huko nje kulipotengenezwa, ndani kukafuata. Nafsi ya mtu haikai kifuani peke yake. Sehemu yake kubwa iko kwa watu anaoishi nao, kama nguo uliyoiacha kwa jirani.

Mwaka 1989, nilipokuwa na umri wa karibu kama wenu, mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alirudi kutoka Sweden alikokuwa akiishi, akatangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Alikuwa mtu wa kwanza mashuhuri nchini kufanya hivyo. Siku hizo familia zilisema marehemu amerogwa, au amekufa kwa malaria. Wengi hawakumwamini, walisema anatafuta umaarufu, mtu aliyekuwa na umaarufu tayari. Alizunguka makanisani na mashuleni akiwa anadhoofika, akawaambia watu ukweli kwa mwili wake, na Desemba ya mwaka huohuo akafariki. Ukimpigia hesabu ya James, alipoteza kila kitu cha juu: afya, sura, kazi, sifa ya mtu safi. Nami namkumbuka akiwa mtu mzima kuliko wengi waliokuwa na damu nzuri. Hakuwa na sehemu yake ya kuficha tena. Miaka miwili kabla yake, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mume kwa ugonjwa huohuo, alikuwa ameanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, pamoja na wenzake, wakikaa na wagonjwa ambao jamaa zao waliogopa hata kuwashika mkono.

Hapa lazima nimtaje John Mbiti. Alizaliwa Kitui, Kenya, lakini sisi wa Uganda tunamhesabu wetu pia, kwani alisoma Makerere na baadaye akafundisha hapo kuanzia 1964 hadi 1974. Mwaka 1969 aliandika sentensi ambayo imezunguka dunia: mimi niko kwa sababu sisi tuko, na kwa kuwa tuko, basi mimi niko. Watu huisema kwenye harusi na mikutano, wanatabasamu. Ni maneno ya kweli, nami nayaamini. Ila tuyasome kwa makini. Darasa langu la 1994 lilikuwa "sisi". Ukoo uliomfungia mgonjwa wa Slim katika kibanda cha nyuma ulikuwa "sisi". Kama mtu yupo kwa sababu watu wapo, basi watu wanaweza pia kumfanya asiwepo, na wanaweza kufanya hivyo kwa kicheko cha nusu dakika. Sentensi ya Mbiti inafariji, na inatisha pia. Inamkabidhi kila mmoja wetu kipande cha nafsi ya mwenzake, hata cha asiyempenda.

Turudi sasa.

Mwaka 2016 mwalimu mwenzangu alikuwa na kwanjula ya binti yake, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, nami nikaalikwa. Nilinunua kitambaa Kikuubo, kwenye maduka ya Kampala, mita sita, rangi ya zambarau yenye maua meupe, nikatafuta fundi wa gomesi, vazi letu la kike la sherehe, katika soko moja karibu na nyumbani. Nikaelekezwa kwa mwanamke mmoja aliyekaa barazani na cherehani ya kukanyaga. Aliinua macho. "Mwalimu! U mzima?"

Nilimjua kwa jinsi alivyoinama. Nikajibu mzima. Akanipima mabega, kiuno, urefu, akiandika namba kwenye daftari la shule lililokatwa katikati. Nilimwita "mwanangu". Wakati wote huo nilikuwa natafuta jina lake kichwani na sikulipata. Nililokuwa nalo ni Mwenda. Miaka 22 imepita, na katika mtoto mzima nilibakiza tisa.

Ijumaa nilirudi kuchukua nguo. Ilikuwa imetundikwa, imepigwa pasi, mabega yamesimama kwa ncha kama yanavyotakiwa, vifungo viwili upande wa kushoto. Nzuri. Nilikuwa nimeshafungua mkoba. Yeye akaishusha, akaulegeza mshipi, akaitandaza mezani na kuniwekea kidole mahali.

"Mwalimu, nimekosea. Sehemu ya mbele niliikata kwa kipimo cha mteja mwingine, ikapungua upana wa vidole vinne. Nimeiunga kwa kipande kilichobaki. Mshipi utapafunika, hakuna atakayepaona. Lakini kitambaa ni chako. Fedha ya kushona sitachukua, na ukitaka kitambaa kingine nitakulipa kidogokidogo."

Nilitazama mikono yake juu ya kile kitambaa. Ilikuwa imetulia. Hakulia, hakujitetea kwa umeme au kwa watoto. Hakujishusha wala hakujipandisha. Alinieleza kosa kama mtu anavyoeleza njia kwa mgeni, na macho yake yalikuwa usoni mwangu. Mimi ndiye niliyeangalia chini. Nina shahada, nina pensheni, ninaitwa mwalimu nikipita barabarani, na kwa miaka 22 sikuwahi kuyasema maneno mawili aliyoyasema yeye kabla ya kupokea fedha.

Nikamwambia, "Jina lako silikumbuki. Nakumbuka Mwenda tu, na aliyekupa ni mimi."

Akanyamaza. Mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio, ukalisukuma kidogo, gurudumu likazunguka tupu, likasimama.

"Najua," akasema. "Umeniita mwanangu mara tatu."

Kisha akanitajia jina lake. Sitalitaja hapa, hajanipa ruhusa. Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala sikumdai aseme. Alisema hivi: "Shule niliacha kwa sababu ya ada, mwalimu. Lakini kusoma niliacha siku ile."

Kauli hiyo ninayo mpaka leo, na ninaamini ninastahili kuwa nayo. Dhamiri ilikuwa imenisuta miaka yote kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nimejifunza kuongea kwa sauti ya juu kuliko yake. Pale barazani nilinyamaza nikaisikia. Iliniuma. Na katika maumivu hayohayo kulikuwa na kitu ambacho sikukitarajia, kama mguu uliokufa ganzi unaporudiwa na damu, unachoma, na ndipo unapojua kwamba bado ni wako.

Tulibishana juu ya malipo. Mimi nataka kulipa yote, yeye hataki hata shilingi. Mwishowe tukakubaliana nusu, na hapo akacheka kwa mara ya kwanza. Akanivalisha mwenyewe, akafunga mshipi, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia urefu.

Wanangu, nimeshasema mengi na vyeti vinawasubiri. Gomesi niliyovaa ndiyo hii. Atakayekuja kunisalimia baadaye nitaulegeza mshipi nimwonyeshe alipounga, hapa ubavuni. Mtazame kwa jicho la fundi. Ua moja limekatwa katikati na mkasi, na nusu zake mbili zimekutana sawasawa.